Mtembezi Asiye na Safari

Mtu akikutwa amesimama kwenye Barabara ya Samora, Dar es Salaam, saa mbili za usiku, hana mzigo wala miadi, anatazama tu majengo, swali atakaloulizwa na mlinzi yeyote ni hili: unakwenda wapi? Ni swali dogo, na pengine linaulizwa kwa wema. Lakini ndani yake mna dai kubwa kuhusu binadamu, kwamba mtu aliye barabarani huhalalishwa na kule aendako. Anayekwenda kazini, dukani, hospitali au msikitini ana jibu. Asiye na jibu ni mzururaji, na mzururaji ni mtu wa kushukiwa. Dai hilo nalipinga. Matembezi ya jioni ya mtu anayeuzunguka mji mkubwa kwa miguu, polepole, bila haja ya kufika popote, tumezoea kuyahesabu kuwa upotevu wa wakati unaosamehewa kwa sababu haumdhuru mtu. Naona ni zaidi ya hapo. Ni namna ya kulipa deni ambalo kila mkazi wa mji anadaiwa, na dini zetu zimelitaja deni hilo waziwazi kuliko tunavyokumbuka.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Adamu na mkewe, wakiisha kula tunda walilokatazwa, walimsikia Mungu akitembea bustanini jua lilipokuwa linapunga. Mahubiri kwa kawaida hukimbilia tunda na nyoka, yakayapita matembezi yenyewe. Ni jioni, hewa imepoa, na Mwenye kila kitu anatembea mahali ambapo hana haja ya kufika, kwa kuwa hakuna mahali asipokuwapo. Kisha anamwita Adamu na kumuuliza. Hataki kujua anakwenda wapi, ingawa Adamu kweli alikuwa anakimbia. Anamuuliza yuko wapi. Maswali haya mawili yako mbalimbali kuliko yanavyosikika. Anayeharakisha kukiwahi kivuko cha Kigamboni kabla foleni haijarefuka anaweza kulijibu lile la mlinzi hata akiwa nusu usingizini. La bustanini litamshinda, maana mwili wake uko Kivukoni na macho yake yamekwisha kuvuka. Mtembezi asiye na safari yuko kinyume chake. Hana anakokwenda, kwa hiyo swali la mlinzi linamwacha kimya. Alichotokea nyumbani ni kulijibu lile jingine.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Kitenzi kutembea kinabeba mwendo wa miguu pamoja na raha ya kwenda kuona. Mtu akisema amekwenda Tanga kutembea, hakuna anayedhani amekwenda kwa miguu. Kibadilishe kidogo kiwe kutembelea, na mwendo umepata mtu: unamtembelea mgonjwa, shangazi, jirani aliyefiwa. Miguu na undugu vimefungwa katika shina moja. Lakini lugha hiyohiyo ina kitenzi kuzurura, nacho kinatofautiana kwa silabi moja tu na kuzuru, neno la heshima tunalolitumia kwa makaburi na mahali patakatifu. Wazee walisema mtembezi hula miguu yake, wakimwonya kijana asiyetulia nyumbani, na wazee haohao wakasema kutembea kwingi kuona mengi. Sioni kwamba walijisahau. Walijua kuwa mwendo mmoja, kwa hatua zilezile, unaweza kuwa mambo mawili, na kwamba kinachoyatenganisha hakionekani kwa kuitazama miguu. Mlinzi wa usiku anakitafuta kwenye mwisho wa safari. Mimi nadai kiko katika jinsi mtembezi anavyokipokea anachokutana nacho: je, anakipa haki yake?

Chukua kipande kimoja cha mji huo. Katikati, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe na Mtaa wa Maktaba, amesimama askari wa shaba nyeusi, bunduki mikononi, ncha ya singe ikielekea bandarini. Kwa dereva hapo ni kiplefti, kitu cha kuzunguka ukichunga gari la kulia. Anayetembea akasimama ndiye anayeona kwamba ni kaburi lisilo na maiti. Waingereza waliizindua sanamu hiyo mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyeizima vita ya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Hatimaye ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Kwa hiyo pale magari yanapozunguka leo, tawala mbili zilipokezana shaba juu ya kiwanja kimoja, kila moja ikiwafundisha wapita njia nani wa kukumbukwa.

Bamba la sanamu ya 1927 linawataja pia wapagazi, watu waliobeba unga, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega katika vita ambayo magari na wanyama wa mizigo hawakuiweza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Ukiondoka kwa askari huyo ukashika njia ya magharibi, kwa mwendo wa polepole wa nusu saa hivi utaingia Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililopita katika midomo ya Waswahili. Kambi yao ilikuwa hapo baada ya Waingereza kuingia. Kila siku maelfu ya watu hutamka jina la jeshi la wabeba mizigo wakiwa kati ya wabeba mizigo, kati ya mikokoteni na marobota ya nguo, na hawalisikii. Siwalaumu. Aliyekwenda Kariakoo kununua vitenge amekwenda kununua vitenge. Lakini aliyetoka kwa askari wa shaba kwa miguu yake mwenyewe, bila la kununua, anafika huku nusu ya habari anayo tayari, na jina la soko linamfungukia kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Katikati ya safari hiyo amepita Mnazi Mmoja, na hapo ndipo ushahidi ulipo mzito kuliko pote. Watawala wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na wakataka uwazi mkubwa usiojengwa uwatenge Waafrika wa Kariakoo na wenzao wa mjini. Walilisema hilo kwa lugha ya afya na usafi. Uwazi huo ndio Mnazi Mmoja. Leo pana miti na Mnara wa Mwenge wa Uhuru, wauza kahawa wanagonganisha vikombe, watu wamekaa wakipunga upepo, na upepo huo unapita katika nafasi iliyoachwa wazi ili watu wasichanganyike. Kuivuka kwa gari ni dakika moja, kwa miguu ni dakika chache tu. Katika dakika hizo chache mwili unaujua upana wa ubaguzi kwa hatua, na unajua pia kwamba unaweza kuvukwa. Anayeuliza ilikuwaje nchi ikapata uhuru angepaswa, miongoni mwa mambo mengine, kukivuka kiwanja hiki jioni.

Mtu wa vitabu atasema kwamba yote hayo yameandikwa, na kwamba simu iliyo mfukoni itayaeleza kwa usahihi kuliko miguu. Kweli yameandikwa, na matembezi ya mtu asiyesoma huzaa mengi ya uongo. Lakini katika kitabu askari wa shaba na Kariakoo wamo katika kurasa mbili, na msomaji anaweza kuikubali moja akaisahau nyingine. Mjini wameunganishwa na ardhi. Umbali kati yao, joto, vumbi, ngazi za maduka, mtu aliyelala kwenye kibaraza cha benki iliyofungwa, vyote hivyo vinamkuta mtembezi kwa mpangilio ambao hakuuchagua. Aliyechagua cha kusoma amekwisha kuamua anachotaka kujua. Aliyetembea bila safari ameuachia mji uamue, na kuachia huko ndiko ninakokuita kulipa deni.

Deni kwa nani? Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 1967 iliuhesabu mji kuwa na watu wasiofika laki tatu. Mji wa ukubwa huu umejengwa na watu tusiowajua. Maji yanayofika bombani na mihogo inayokaangwa jioni Kivukoni ni kazi ya mikono isiyo na majina kwetu, mingine ya wafu. Kijijini unamshukuru mtu kwa jina. Mjini shukrani hukosa anwani, ikakauka, na baada ya muda mkazi huanza kudhani kwamba mji ni mashine inayojiendesha na wenzake ni msongamano. Dini zote zinazosali katika mji huu zinafundisha kwamba asiyeshukuru watu hajamshukuru Mungu, au zinafundisha jambo lililo karibu sana na hilo. Lakini utamshukuruje usiyemwona? Haja hubana macho. Mwenye kiu akiingia dukani haoni rangi ya ukuta, anaona friji. Nani atamlaumu, na lini tutakuwa bila kiu? Ndiyo maana inapaswa iwepo saa ambayo mtu amejivua haja zake makusudi ili vitu vipate kuonekana vikiwa vyenyewe, kabla havijawa vya kumfaa yeye.

Wagiriki wa kale waliita saa kama hiyo skholē, wasaa wa mtu aliye huru na shughuli, na waliamini kwamba kujifunza huanzia hapo. Neno hilo likaingia Kilatini, likawa Schule kwa Wajerumani, na Wajerumani wakalileta pwani hii, nasi tukalifanya shule. Skuli ya Zanzibar imepitia kwa Waingereza, lakini chimbuko ni hilohilo. Tunalitamka neno lenye maana ya wasaa tunapowaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri wawahi basi. Sitaki kulifanya hilo hoja kuliko linavyostahili, maana asili ya neno haithibitishi chochote juu ya mambo yenyewe. Linakumbusha tu kwamba watu waliofikiri sana juu ya elimu hawakuona kuwa wasaa ni uchafu unaobaki baada ya kazi kutolewa.

Na kuhusu jioni hasa, Waswahili walifikiri vizuri zaidi ya Wagiriki. Katika hesabu yetu ya saa, jua likizama tunaanza upya: saa moja ya usiku ni saa ya kwanza. Katika kalenda ya Kiislamu ambayo pwani imeishi nayo kwa karne nyingi, siku nzima huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule unaotangulia Ijumaa. Kitabu cha Mwanzo nacho, kinapozihesabu siku za uumbaji, kinaitaja jioni kabla ya asubuhi. Basi mtu anayetoka kutembea jua linapopunga hatumii makombo ya siku iliyokwisha kuliwa na kazi. Yuko mlangoni mwa siku mpya, na jambo la kwanza analolifanya ndani yake ni kutazama. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta, haina jioni ndefu za Ulaya ambazo mwanga hukaa hadi saa tatu za usiku. Mwaka mzima magharibi huja mnamo saa kumi na mbili na nusu, ikipishana kidogo tu, na giza hufuata upesi. Katika muda huo mfupi adhana hupaa kutoka misikiti ya mjini, taa huwashwa katika mahekalu ya Wahindu ya Mtaa wa Kisutu, na kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Kilutheri la Azania Front, yote mawili ya enzi za Wajerumani, husimama meusi mbele ya maji ya bandari. Dini hizi hazikubaliani kuhusu mengi. Kuhusu saa ya kusimama zinakubaliana.

Hapa mwenye dini ana haki ya kunikatiza. Wakati ni amana, atasema. Mungu ameapa kwa wakati katika sura nzima, na akasema kwamba binadamu yumo hasarani. Mtu mwenye mke na watoto anayezunguka mitaani akitazama sanamu amefanya lahwi, mchezo unaosahaulisha. Pingamizi hili ni zito na sitalijibu kwa kusema kwamba kila mtu anahitaji kupumzika, jibu ambalo linafanya matembezi kuwa mafuta ya mashine ili kesho izunguke vizuri zaidi. Nalijibu kwa kurudi katika mafundisho yaleyale. Hadithi iliyopokewa na Bukhari inataja afya na wasaa kuwa neema mbili ambazo wengi hupunjika ndani yake. Kinachohesabiwa kuwa neema ni wasaa wenyewe, na kupunjika ni kuutumia vibaya. Kuukimbia hakuokoi mtu na hasara hiyo. Kurani inawahimiza watu, mara nyingi, watembee katika ardhi waone mwisho wa waliowatangulia, na kama kuna mahali ambapo mwisho wa wenye nguvu unaonekana kwa macho ni kwenye kiwanja kilichobadilishana sanamu. Hata mwendo wenyewe umefundishwa. Lukmani anamuusia mwanawe awe wa kati katika kwenda kwake na ateremshe sauti. Waja wa Mwingi wa Rehema wanaelezwa, katika sura ya Furqani, kuwa ni wale wanaotembea duniani kwa unyenyekevu, na wajinga wakiwasemesha hujibu salama. Sijui maelezo bora kuliko hayo ya mtembezi wa jioni katika mji ambao jina lake lenyewe lina salama ndani yake, jina lililotoka zama za Sultani Majid, aliyeanza kuujenga hapo miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima.

Wapo pia watakaopinga kwa sababu nyingine. Kutazama, watasema, si jambo safi. Anayezunguka akiwaangalia watu wanaokula, wanaogombana, wanaowabembeleza watoto wao barazani, anawafanya tamasha lake. Nakiri kwamba mtembezi wa namna hiyo yupo, na simu yenye kamera imemwongezea ujasiri. Lakini sheria ya kumzuia ipo tangu zamani, na ndiyo msingi wa hoja yangu yote. Mtume aliwaonya masahaba wasikae njiani. Waliposema kwamba hawana budi, kwa kuwa huko ndiko wanakozungumzia, aliwaambia basi waipe njia haki yake, na walipouliza haki hiyo ni ipi akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Njia ina haki! Fikiria uzito wa maneno hayo katika mji ambamo barabara ni kitu cha kupita haraka iwezekanavyo. Kuinamisha macho hakumaanishi kutembea kipofu, maana kipofu hawezi kukataza ovu ambalo hakuliona, wala kurudisha salamu bila kujua inatoka kwa nani. Kunamaanisha kutazama bila kumiliki. Ukuta, mti na sanamu vitazame utakavyo. Mtu mtazame kama anayeweza kukuuliza unatazama nini, nawe ukawa na jibu la kumwambia usoni. Hapo ndipo mtembezi na mzururaji wanapoachana, na wote wawili huenda hawana wanakokwenda.

Lakini pingamizi linaloniumiza zaidi halitoki msikitini wala kanisani. Linatoka kwa yule anayetembea kutoka Kariakoo hadi Buguruni kila jioni kwa kukosa nauli. Kumfundisha huyo tafakuri ya mwendo ni kumtukana. Machinga aliyetembeza mashati juani tangu asubuhi hatoki jioni kunyoosha miguu, anataka kuikunja. Ni kweli, na atakayeandika juu ya uzuri wa kutembea bila kukumbuka hili ameandika juu ya viatu vyake. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu ujamaa, alikumbusha methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akisisitiza kwamba katika jamii ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi. Ila tuone ni nani hasa aliyenyimwa wasaa, na kwa njia gani. Kenya chini ya Waingereza ilimvisha mwanamume Mwafrika kipande shingoni, ndani ya kisanduku cha chuma, ili swali la unakwenda wapi na unamfanyia nani kazi liwe na jibu lililoandikwa. Sheria za uzururaji zilizoenezwa katika makoloni zilinakili sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ilizirithi katika vifungu vya 176 na 177. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwakusanya katika mitaa ya Dar es Salaam watu walioshindwa kuthibitisha kuwa wana kazi na kuwapeleka mashambani. Hakuna mwenye suti na gari aliyeogopa kampeni hiyo. Wasaa haukuwahi kuwa anasa kwa asili yake. Ulifanywa anasa kwa sheria, na maskini alipoonekana anao, ukaitwa kosa.

Kwa hiyo pingamizi la machinga, nikilifuata hadi mwisho, haliniambii niyaache matembezi. Linaniambia kwamba ni yake pia na kwamba amenyang'anywa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake mwezi Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi wanachama zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kenya ilikuwa imefuta sheria yake mwaka 1997. Hilo ni jambo la wanasheria, lakini nalisoma pia kama jambo la kiroho: mahakama imekubali kwamba binadamu anaweza kuwapo mahali bila kudaiwa sababu, na hiyo ndiyo hali tunayomwambia kila mtu kuwa anayo mbele ya Mungu.

Wanawake hawajaipata hata bado. Mengi niliyoandika hapa juu ya kusimama usiku mbele ya sanamu yanamfaa mwanamume. Mwanamke anayesimama hivyo peke yake, baada ya magharibi, ataulizwa swali baya kuliko lile la mlinzi, na pengine hataulizwa. Lugha iliyompa mwanamume matembezi imemwekea mwanamke tuhuma ndani ya neno hilohilo. Kila mtu anajua maana ya kusema fulani anatembea na fulani, na anajua jina la nani huchafuka. Aliyeagizwa kwanza kuinamisha macho katika Sura ya Nuru ni mwanamume, kisha mwanamke. Tumeligeuza agizo, tukamwinamisha mwanamke na kumfungia, mwanamume tukamwachia barabara. Mji ambao nusu ya watu wake hawawezi kuitazama bahari yao usiku haujaipa njia haki yake, hata uwe na misikiti na makanisa mengi kiasi gani.

Basi ombi langu liwafikie madiwani na wahandisi kwanza: taa zinazowaka, njia za waendao kwa miguu zisizoegeshwa magari, benchi mahali penye kivuli, na askari wa doria aliyefundishwa kwamba kusimama si kosa. Liwafikie masheikh na mapadri, wazungumzie haki ya njia kwa sauti ileile wanayozungumzia nayo zaka na sadaka. Nawe msomaji, popote mji wako ulipo, Dar es Salaam, Mombasa, Lubumbashi au Muscat, chagua jioni moja wiki hii. Acha pochi la manunuzi nyumbani. Toka jua likipunga, nenda kwa mwendo wa kati, rudisha kila salamu, na ukikutana na jina la mtaa usilolielewa, muulize mzee aliyekaa barazani. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu kwa adabu kwamba huendi popote, unatembea.